Diable ya Mama Marcelline

Alphonse alipiga kwanza alama ya musalaba, njo akapandisha karto, kasha kubwa ya patron wake, ku mugongo.

"Papa, sikia," Josée wa ku ajansi ya bisi akamuambia. "Ndani iko diable. Fungua hapa hapa, itakusaidia."

"Diable isaidie mukristu?" Alphonse akacheka, lakini karto hakuifungua. Kifaransa yake yote alijifunzia ku misa, na ku misa diable ni Shetani, hakuna mwingine.

Ni vile tu kazi ni kazi. Tangu friji imuumize kiuno, patron Marcelline, mwenye depo ya mizigo, alimuonya: "Papa Alphonse, ukianguka tena na muzigo, utabakia ku nyumba." Na ku nyumba bajukulu banamungojea na njaa. Velo, baiskeli yake, ilikuwa imepasuka pneu. Akatembea na miguu njia ya Kakontwe, mu vumbi ya simenti.

"Ona minye," alijisemea. "Muimbaji wa chorale, mugongo inalia sawa mulango ya kutu, na nabeba Shetani! Yeye anapanda sawa chef, minye natoka jasho."

Hakuiburuza, hakuiweka chini hata kidogo, juu Ule wa ndani asikasirike. Ndani ikagonga: ko, ko.

"Tulia, mukubwa, tunafika."

Hata minye ninayehadithia ningemubembeleza vile vile. Kichwa yangu haipite ya Alphonse.

Motari mumoja wa pikipiki akapunguza mwendo. "Papa, unabeba mama mukwe?"

"Ingekuwa yeye, ningeimba!"

Pa mulango ya depo, mugongo ikasema kwa! Alphonse akalala chini, karto juu yake, mbele ya miguu ya patron.

"Mama, najua, kazi yangu imekwisha," akalia. "Lakini diable yako ni muzima, sikumukwaruza."

Marcelline akapasua karto. Mukatoka byuma birefu, magurudumu mbili, na mukono ya kusukumia.

"Josée hakukuambia ufungue? Ku ma depo yote, kagari haka ka kusukumia mizigo banakaita diable! Niliagiza juu yako, papa. Juu usibebe tena na mugongo."

Alphonse akaangalia magurudumu kule chini kwenye alilala. Akapiga tena alama ya musalaba.

"Basi, mama, nipandishe. Sukuma polepole mpaka ku hôpital. Minye nilimubeba tangu ku ajansi, sasa ni zamu yake."