Chai ya Ukweni

Kikombe cha tatu kiliposukumwa chini ya pazia, Emilian nusura alie.

Hakuja Endulen kunywa chai. Alikuja kumchukua mkewe, Nosim, aliyerudi kwao wiki mbili zilizopita. Gari la kurudi Karatu lilikuwa njiapanda na dereva ameshapiga honi ya kwanza. Likiondoka hilo, hakuna jingine mpaka kesho kutwa, na loji anakofanya kazi ya kuhudumia wageni walimpa ruhusa ya leo tu.

"Baba," alianza tena, "kuhusu Nosim..."

"Nosim yupo," alisema mzee Meitamei, baba mkwe wake, akiweka sawa shuka begani. "Kunywa kwanza. Huyu anayepika atasema umemdharau."

Emilian alilitupia pazia jicho la wizi, akalirudisha chini upesi. Yeye ni Mwiraqw wa Karatu, lakini siku ya harusi wazee walimkalisha wakamweleza adabu za ukweni Umaasaini: mkwe wa kiume hakai chumba kimoja na mama mkwe, wala hamtazami usoni. Ndiyo maana kanga nzito ilining'inia kati ya chumba na jiko, na kikombe kilipita chini yake juu ya kisinia, mkono wa mpishi usionekane. Adabu njema kabisa, ila isiyo na haraka.

Akanywa. Chai nzito, maziwa matupu, majani yamechemshwa pamoja na sukari na tangawizi mpaka yamesalimu amri. Chai ya namna hii hii ndiyo iliyomponza. Loji walimpeleka semina ya kuwaandalia wageni chai, akaambiwa majani hayachemshwi, yanamwagiwa maji ya moto tu, na maziwa yanakaa pembeni kwenye kijagi chake. Wakamsimulia na habari za Wachina na Waingereza, akarudi nyumbani kichwa kimevimba. Jumapili yake alikaribisha wafanyakazi wenzake. Nosim akaandaa chai. Emilian akaonja mbele yao, akasema, "Huu ni uji," akalibeba birika zima hadi mlangoni akalimwaga.

Asubuhi yake Nosim hakuwepo.

Na sasa mtaalamu wa chai amekaa kwenye kigoda cha watu, anakunywa uji, na lazima ausifie. Kwa hesabu yake mzee hakuwa tatizo. Mwenye kauli katika nyumba ile ni mama. Akishalainika mama, binti atatolewa huko kwa majirani alikofichwa.

"Chai tamu sana," alisema.

"Sema kwa sauti. Kanga ni nzito."

"Chai tamu sana!" alipaza sauti. "Sijawahi kunywa chai kama hii!"

Nyuma ya pazia kijiko kiliacha kukoroga. Mzee Meitamei akakohoa, akajifuta mdomo kwa ncha ya shuka.

"Hata nyumbani kwako?"

Hapo Emilian akaona mlango umefunguka. Mama gani hapendi kusikia kwamba anamshinda binti yake?

"Hata nyumbani kwangu, baba! Nosim anajitahidi, lakini mkono kama huu hana. Laiti angekaa na huyu aliyepika hii, hata siku mbili tatu, akafundishwa!"

Jikoni sufuria ilianguka kwa kishindo.

Kikombe cha nne kilikuja hakina sukari hata punje. Mama anazeeka, Emilian aliwaza, akakimeza hivyo hivyo huku akitabasamu kwa shida. Mzee alikuwa amegeukia ukutani na mabega yake yanatikisika. Kifua hicho kilihitaji dawa.

Honi ya pili ikalia. Emilian alimkasirikia dereva, akaikasirikia kanga, akamkasirikia mzee na kikohozi chake, na zaidi ya wote akajikasirikia mwenyewe.

"Baba, nisamehe, nimechoka kuzungushwa!" alisema. "Chai hii nitainywa mpaka kesho, iwe na sukari isiwe nayo. Lakini mimi namtaka mke wangu. Nilimwaga chai yake mbele za watu, na ulikuwa ujinga. Nimesema uongo hapa. Chai yake haina kasoro. Ni tamu kama hii hii, wala sioni tofauti."

Mzee hakucheka tena. "Hilo nalo," alisema taratibu, "liseme kwa sauti."

Akalisema kwa sauti.

Gari la Karatu lilinguruma, likasogea kutoka njiapanda, likasimama karibu na boma kushusha abiria. Mlango wake ukabamizwa. Kisha ikasikika sauti ya mwanamke mtu mzima akiwasalimia watoto, akiwafukuza mbuzi njiani na kuilaani barabara kwa ilichoufanyia mgongo wake.

Mzee Meitamei alinyanyuka, akachukua fimbo yake.

"Inamisha kichwa, mkwe wangu," alisema. "Mama mkwe wako ndiyo kwanza anafika. Tangu wiki iliyopita alikuwa Arash kwa dada yake."

Emilian aliinamisha kichwa. Chini ya kanga kisinia kilitokeza tena, safari hii kimebeba birika zima, na bakuli la sukari pembeni.

"Nikuongezee," aliuliza Nosim, "au utaimwaga?"