Fundi wa Nyuma ya Pazia

“Asichungulie!” Bi Dalal alisema, akalibana pazia kwa viti viwili, kila upande kimoja. “Mna dada zangu kwenye video hiyo, wanacheza vichwa wazi. Mwanamume asione hata ukucha.”

“Haoni, Bi Dalal,” Hamda alimtuliza. “Fundi, unaona nini huko?”

“Nnaona ukuta,” ilijibu sauti kutoka ushorobani. “Tena unataka rangi.”

Hamda alikohoa.

Sanduku la kompyuta lilikuwa kule kwa fundi, skrini ilikuwa chumbani kwa wanawake, na nyaya zilipita chini ya pazia. Kompyuta yenyewe haikutoka dukani. Iliungwa kipande kwa kipande, ikatiwa mfumo wa Mac, maana ndio Hamda aliofundishiwa kukata video kwenye darasa la jioni. Skrini ndiyo iliyokuwa mgeni. Imeingia jana, pana kama mlango uliolazwa, na mpaka saa hiyo haijaelewana na mwenyeji wake. Picha ilijibana katikati, kushoto weusi, kulia weusi, na sura zina ukungu kama zinatazamwa kupitia chandarua.

Na siku yenyewe ndiyo hiyo. Video ilikuwa ya kupamba, sherehe ya wanawake peke yao ya harusi ya Ibtisam, binti wa Bi Dalal, na ilikuwa kazi ya kwanza ya Hamda peke yake. Usiku Bi Dalal anapanda ndege ya Maskati, anataka kuondoka nayo. Akiridhika, harusi za ukoo mzima zitakuja Mkunazini kwa Hamda. Asiporidhika, basi tena.

“Mie kazi za jikoni sizitaki,” Bi Dalal alikuwa ameshasema tangu mlangoni, buibui hajalivua. “Nataka watu wenye ofisi, wenye fundi wao.”

“Fundi yupo,” Hamda alijibu.

Sasa alijaribu kumweleza kwamba video ni nzima, tatizo ni skrini tu.

“Mie nahukumu nnachokiona, mwanangu. Na nnachokiona ni ukungu.”

“Waya nshaubadilisha,” fundi alisema. “Ule wa mwanzo haubebi picha yote. Huu nimeuchomeka kwenye kadi ya picha yenyewe. Kuna nini sasa?”

“Kiza,” alisema Hamda.

“Nimulikie basi, niuone waya.”

Hamda alimweka mwanawe Qais kwenye zulia, akapenya nyuma ya pazia na taa ya simu, kanga ya kujitanda ameisahau kitini. Kulisikika kunong’ona, kitu kikalia *tak*, akarudi. Skrini ilikuwa imewaka, lakini picha bado imejikunyata katikati.

Qais, aliyekuwa anaota meno na kumlilia kila mtu, alikuwa akitambaa kuelekea kwenye pazia huku anacheka.

“Mtoto wako hana ugeni,” Bi Dalal alisema. “Na baba yake yuko wapi?”

“Yupo kazini, Bi Dalal.”

Hamda alipeleka chai ushorobani, hakuuliza sukari ngapi. Bi Dalal alilitazama pazia muda mrefu. Halikutikisika.

“Fundi, mwanangu, jina lako nani?”

“Azzan, Bi Dalal.”

“Azzan wa wapi?”

“Baba wa hapa hapa Malindi. Mama kwao Tumbatu.”

“Unasali?”

“Naam, alhamdulillah.”

“Na hujachungulia hata mara moja!” Bi Dalal alimgeukia Hamda, akashusha sauti kidogo tu, ile ya kusikika mpaka mtaa wa pili. “Wanaume wa siku hizi macho yao hayana mlango. Huyu katulia. Nnaye Rahila, mdogo wake Ibtisam, anasoma chuo kule Tunguu. Mpole, anapika, anaendesha gari.”

Hamda alibonyeza kitufe sicho. Skrini ikazimika.

“Umefanya nini?” fundi aliuliza.

“Sijafanya kitu. Tunaendelea na kazi au tunaendelea na ukoo?”

“Kazi, kazi,” fundi alisema upesi. “Iwashe. Ingia kwenye mipangilio ya skrini. Shikilia Alt, usiiachie, halafu bofya pale palipoandikwa Scaled. Orodha ya saizi za picha itakuwa ndefu.”

“Imekuwa ndefu.”

“Kuna inayoanzia elfu tano?”

“Ipo.”

“Bismillahi. Ibofye.”

Skrini ilipepesa, ikawa nyeusi, Hamda akashika shavu. Kisha picha ikafunguka kutoka ukingo hadi ukingo. Kamera mbili za siku ile zilikaa bega kwa bega: huku Ibtisam na piko lake, michoro myeusi mpaka ncha za vidole, huku mama zake wakubwa na wadogo wote safu moja, wanacheza.

“Mashaallah!” Bi Dalal alisimama. “Mpaka jasho la dada yangu Bashira linaonekana! Maskati watazimia.” Alifuta macho kwa ncha ya mtandio. “Haya, hii sasa ni ofisi. Harusi ya Mfunguo Mosi, Ramadhani ikisha, yako, na ya baada yake yako. Ndiyo mambo nnayoyataka: kila mtu na kazi yake, si mambo ya mtu na mumewe sebuleni.”

“Ahsante, Bi Dalal,” Hamda alisema.

“Na ile habari ya Rahila si mzaha. Leo leo, kabla ya ndege, nazungumza na baba yake.” Alisogea mpaka karibu na pazia. “Azzan, mwanangu, useme kweli. Umeoa?”

Ushorobani kikombe kiliwekwa chini taratibu.

Hamda alimtazama Bi Dalal. Akatazama skrini, pana, safi, imejaa. Kisha akamnyanyua Qais, akasogeza kiti kimoja, akampenyeza mtoto nyuma ya pazia, na mikono miwili ikampokea kama iliyozoea.

“Ameoa, Bi Dalal,” alisema. “Mke mmoja. Na anamtosha.”