Wageni wa Sheha Ngwali

Haya kanihadithia Bi Mwanakhamis mwaka jana, siku ya khitma, tukisugua masufuria uani kwa Mwanawema. Yeye, siku hiyo ya wageni, alikuwamo nyumbani mle tangu alfajiri.

Mwanawema, mke wa sheha Ngwali, aliwaondolea wageni sahani hawajamaliza kula. Watu wakatazamana. Tangu lini mgeni akaondolewa wali mbele yake, Kisiwa Panza hii?

"Maji yanatoka," alisema. "Boti itakwama."

Boti yenyewe ni moja, ile ya kuvushia wagonjwa. Asubuhi ilitumwa ng'ambo kuwachukua wageni. Vyombo vyengine vyote viko dago, kambi za mbali, na wavuvi. Maji yakishatoka, boti hulala matopeni mpaka usiku.

Wageni walitoka wizarani, wanakusanya maoni ya mpango wa afya ya wanawake. Mkubwa wao, Bi Shamima, alikuwa mpole, ana miwani.

"Bi Mwanawema, nyinyi wanawake wa hapa mna shida gani hasa? Tuitie kwenye mpango."

Ukumbi umejaa wanaume. Mwanawema aliwatazama, akainamisha macho.

"Hatuna neno, mwanangu. Nendeni salama."

Ngwali alicheka kwa haya. "Jamani, huyu leo kaingiwa na nini? Anafukuza wageni! Lete kahawa, mke wangu."

"Kahawa imekwisha."

"Basi hiyo inayonukia ni ya jirani?" alidakia Mzee Ame. Wakacheka wote.

Kahawa ikaletwa. Haluwa ikaletwa. Shehe wa msikitini akaombwa dua, naye akaivuta, wallahi, kama hana kwao. Mwanawema kasimama mlangoni anatazama pwani, mizizi ya mikoko imeanza kutokeza majini.

Walipoteremka, boti ilikuwa imelala ubavu.

Wakarudi. Bi Shamima jua lilimchosha, akaomba chumba cha uani ajinyooshe kidogo.

"Yumo mwanangu Zulekha," alisema Mwanawema. "Kichwa kinamuuma."

Akamtandikia mkeka pale pale, nje ya mlango wa chumba. Bi Shamima alivua miwani, akauweka mkoba wa makaratasi chini ya kichwa.

"Mpe pole," alisema. "Mtulivu mwanao. Siku nzima hata sauti yake sijaisikia."

"Nitampa."

Mwanawema akaingia, akaurudisha mlango taratibu.

Bi Mwanakhamis alikuwa kapiga magoti kando ya kitanda, damu mpaka viwikoni. Zulekha kaiuma kanga, kama alivyoambiwa tangu alfajiri, kwani kwetu mwenye uchungu hatangazwi mpaka mtoto alie.

"Wameondoka?" aliuliza Bi Mwanakhamis. "Boti imerudi kumchukua?"

Mwanawema alikaa kitako sakafuni.

Nje ya mlango, Bi Shamima alikuwa keshalala.