Vikaratasi vya Chumvi

Ndoa ikitimiza miaka saba, sheria iliwataka mke na mume waendeshe baiskeli kutoka Tanga hadi Kigoma. Wakifika Manyoni walipumzika siku moja, na kabla ya adhuhuri kila mmoja alitakiwa abonyeze bangili yake kwa siri: naendelea, au naishia hapa. Mmoja akiishia, kesho yake kila mtu anashika njia yake.

Bangili ya Mhando ilikuwa imeshazimika. Alijibu tangu alfajiri, kisha akachutama uani kuziba pancha kana kwamba hakuna lililotokea. Ya mkewe, Mwantumu, ilikuwa bado inawaka mkononi.

"Umejibu nini, Baba Tunu?"

"Unajua haturuhusiwi kuambiana." Alizamisha tyubu kwenye beseni la maji, akatazama viputo vikipanda.

Mwantumu akaitazama bangili yake. Juzi mlimani Mhando alimsubiri saa nzima, akampa maji yake ya mwisho. Mtu hampi maji yule anayetaka kumwacha. Au ndipo anapompa?

Akainuka apike maharage. Alipofungua mfuko wa vyakula, akakuta chumvi yao imefungwa katika vikaratasi viwili vilivyolingana.

"Mbona chumvi umeigawa?"

"Mvua ikinyesha isilowe yote," alisema Mhando bila kuinua uso.

Mwantumu akatazama juu. Manyoni haikuwa imeona tone la mvua tangu mwaka waliooana.