Radi Haiombi Njia

Saa saba na nusu mchana, watu wote walipokuwa kantini, mchoraji alipanda ngazi ubavuni mwa chombo namba arobaini na moja, brashi ameiuma kwa meno kama jambazi na kisu chake. Kopo la rangi nyeupe lilining'inia kiwikoni. Alikuwa na miaka sitini na miwili, magoti yamekwisha, na ruhusa hakuwa nayo.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiandika majina ya vyombo vya anga katika karakana ile. Majina yenyewe yalichaguliwa na watu wawili. Mwandikishaji, mama mmoja aliyewahi kufundisha fasihi, alichota kwenye riwaya na mashairi: Mfalme Asiye na Masikio, Kurasa Ishirini za Mvua. Mchoraji, ambaye ujanani alipiga gitaa la besi katika bendi ya roki iliyovuma miaka mitatu ikazimika kama kibatari, alichota kwenye nyimbo: Zohali Ameazima Gitaa, Punguza Ukimya. Walizozana kila Jumatatu kama mawifi, na kila Jumatatu jina likapatikana.

Ila si kila chombo kilipewa jina. Vya wahamiaji, vile vya familia zinazokwenda kuanza maisha huko mbali bila kurudi, ndivyo vilivyovishwa nyimbo na vitabu. Vya kazi vilibaki na namba tu. Na binti yake, mwanawe wa pekee, fundi wa mitambo ya mawasiliano, alikuwa akiondoka kesho na arobaini na moja.

Jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Watoto wa watu wapande mashairi, wa kwake apande namba?

Alikuwa amekwisha kumwendea mwandikishaji.

"Mzee wangu, hicho ni cha kazi," mama yule alimjibu bila kuinua macho kwenye daftari. "Kinakwenda kutengeneza mtambo, kinarudi. Tukikipa hicho jina, kesho utataka na toroli liitwe shairi."

Akajaribu kwa binti mwenyewe, walipokuwa wakikunja nguo zake mezani.

"Baba, mimi naenda kazini, siendi kuimbwa."

"Ule wimbo wa radi niliutunga siku uliyozaliwa."

"Najua. Umeniambia mara mia." Alicheka, akampokonya shati alilokuwa akilikunja vibaya. "Miezi kumi na minane tu. Napita makazi yote mpaka kwenye mtambo wa mwisho, natengeneza, nageuza. Nikirudi tunakwenda kuyaonyesha hayo magoti kwa daktari, hata kama nitakubeba mgongoni."

"Na ukikwama huko, nani atakufuata?"

"Nikwame kwa lipi? Nina tangi la kwenda na tangi la kurudi. La pili linatiwa lakiri hapa hapa, siligusi mpaka siku ya kugeuza. Acha kunihesabia mabaya."

Mzee akachukua shati jingine akalikunja. Lakini usipotaka baba aandike, usizaliwe na mwandishi wa majina.

Kule juu ya ngazi alipiga mstari kwa kamba na chaki, akaanza. Mkono uliokuwa ukitetemeka akishika kikombe haukutetemeka hata kidogo. Herufi kumi na tano, kila moja na mkia kama zilivyoandikwa zamani kwenye ngoma kubwa ya bendi yao: RADI HAIOMBI NJIA. Alipokuwa akimalizia herufi ya mwisho alijikuta anauimba chini chini wimbo wenyewe, pale pale kwenye kiitikio, ambapo mama wa yule binti, Mungu amrehemu, alikuwa akipenda kuitikia.

Hajafika chini, mjaza mafuta akaingia akiburuta mpira wake. Kwa unene wake wafanyakazi wote walimwita Pipa. Akasimama, akainua kidevu, akasoma polepole.

"Mbona hiki nilisikia ni cha namba?"

"Kimepewa jina," mchoraji alisema. Ulikuwa uongo wake wa kwanza katika karakana ile, na aliona masikio yanamchoma.

"Nalo zuri," Pipa alisema. Akafungua karatasi yake ya kazi, akaitazama, akatazama tena juu, kisha akaikunja akaitia mfukoni. "Basi sawa."

Asubuhi iliyofuata mwandikishaji aliliona jina, midomo ikamkaza. Lakini rangi ilikuwa imekauka na wafanyakazi wa uwanjani walikuwa wakilipigia makofi. "Tutaongea Jumatatu," alisema tu.

Binti alipolisoma alisimama katikati ya uwanja na kofia yake ya safari mkononi. Alijaribu kukasirika, ikamshinda. Alimkumbatia baba yake mpaka rangi iliyokauka kwenye ovaroli ikamwacha alama shavuni.

"Wewe baba ni mkaidi."

"Nimezaa mkaidi. Nenda, urudi."

Saa nne kamili chombo kiliinuka. Kila mtu uwanjani alisoma yale maneno mpaka yalipokuwa doa, na doa likaisha. Mchoraji hakulia. Alikwenda kantini akakaa na chai yake, kifua kimejaa kama cha bwana harusi.

Pipa akaja akaketi mbele yake, akamega mkate.

"Jana umenisaidia sana, mzee," alisema huku akitafuna. "Karatasi ilisema nijaze matangi yote mawili, nikataka kushangaa. Nilipoona jina nikajua ofisini wamekosea tena. Nikajaza la kwanza, la pili nikalitia lakiri hivyo hivyo tupu. Chombo chenye jina kinarudi wapi?"