Kikombe cha Pili

Mwenye mkahawa wa Kikolombia alitumbukiza kipande cha jibini ndani ya chokoleti ya moto, akamsogezea Bi Mwanakheri kikombe pamoja na mkate wa mahindi. Bi Mwanakheri akapigwa na butwaa. Wazimu huohuo wa marehemu mumewe, Shekuwe, ambao yeye alizoea kumchekea!

"Nani kakufundisha hivi?"

"Kwetu ndivyo tunavyokunywa, mama. Hata mzee Shekuwe alipenda. Alikaa hapo ulipo kila asubuhi, akiagiza vikombe viwili. Cha pili kilipoa bila kuguswa."

"Cha nani?"

"Alisema mkewe yuko njiani."

Enzi za uhai wake, kila asubuhi Shekuwe alimwambia Bi Mwanakheri, "Twende wote," naye akajivutia shuka na kuendelea kulala.

Bi Mwanakheri alikitazama kiti kitupu mbele yake.

"Niletee na cha pili."

Kikaja kinafuka mvuke, jibini likizama taratibu.