Nyangumi wa Eleodoro

Eleodoro Cahua alipiga pasi suruali yake mara tatu asubuhi ile, maana leo nyangumi angepewa jina lake.

Hakuwa na mtoto. Shemeji yake, Saturnino Uchuya, alikuwa nao tisa, na kila walipokutana kilabuni pale kijijini Ocucaje, Peru, hakukosa kumchoma: "Shemeji, ukifa wewe, jina limekwisha. Au utairithisha ile mifupa yako ya jangwani?"

Naam, mifupa ndiyo iliyomwinua. Miaka minne iliyopita alikuwa jangwani na gunia la meno ya papa wa kale, mali ya serikali ambayo kuiuza ni jela, gari liliposimama mbele yake. Akashuka mtu mwenye daftari, akamwuliza jina. Eleodoro, jasho likimtiririka, akataja jina bila kupepesa macho, likaandikwa. Kumbe mtu yule hakuwa askari. Alikuwa profesa kutoka Lima, na alichotaka ni kuonyeshwa nyangumi waliogeuka mawe.

Tangu hapo wakachimba pamoja. Profesa alimwita "fundi", kama alivyomwita dereva na mpishi. Alipenda kusema. Jangwa lote lile, alieleza, lilikuwa ghuba ya maji ya vuguvugu ambamo nyangumi walikuja kuzaa, mpaka bahari ilipopoa na jamii yao ikatoweka. Mambo ya miaka milioni tisa aliyajua kama ya jana; kama fundi amekula mchana, hilo hakulijua.

Siku fuvu lilipotoka zima, profesa alimshika bega.

"Fundi, huyu hajulikani popote duniani. Nitampa jina lako. Ninalo daftarini, nililiandika kwa mkono wangu."

Eleodoro alilia palepale mchangani bila kuona haya. Jioni hiyohiyo alimlipizia shemeji yake: watoto tisa watazikwa wote, nyangumi atabaki.

Sasa uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Meya alihutubia kwa muda mrefu, profesa akahutubia zaidi. Saturnino alikaa nyuma kabisa, amenywea, na Eleodoro akamkonyeza.

Pazia likavutwa. Kibao kilisomeka kwa herufi za shaba: NYANGUMI WA SATURNINO UCHUYA.

Profesa, uso umejaa tabasamu, akamshika Eleodoro mkono na kumvuta mbele ya watu.

"Njoo, Saturnino, usione haya."

Kule nyuma, shemeji yake alikuwa ameshasimama, kofia mkononi.